Uendelevu na Uchafuzi wa Mazingira Mtwara na Lindi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hujirudia katika mikutano ya vijiji, vyama vya msingi vya ushirika, madarasani na kwenye madiko. Majibu yametolewa kwa mifano ya mikoa yetu miwili, kwa sababu istilahi za mazingira hueleweka upesi zaidi zinapohusishwa na mkorosho, mwamba wa pweza na kisima cha mtaani. Kila jibu linajitosheleza. Pale jambo lilipokwisha kuelezwa kwingine, msomaji anaelekezwa kwenye swali husika.

## Misingi

1. Uendelevu maana yake nini hasa?

Uendelevu ni kutumia rasilimali kwa kiwango ambacho hakizidi uwezo wake wa kujirudisha. Na kama haiwezi kujirudisha, ni kuitumia kwa namna ambayo manufaa yake yanageuzwa kuwa kitu kitakachowafaa watakaokuja baadaye, kama vile shule, maji au chanzo kingine cha nishati. Maelezo yanayonukuliwa zaidi duniani yalitolewa mwaka 1987 na tume iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland, Waziri Mkuu wa Norway wakati huo, nayo yanasema kuwa maendeleo endelevu ni yale yanayokidhi mahitaji ya kizazi cha sasa bila kupunguza uwezo wa vizazi vijavyo kukidhi mahitaji yao.

Mfano ulio karibu nasi ni pweza. Kiumbe huyu huishi kati ya mwaka mmoja na miwili hivi, hukua kwa kasi kubwa, na jike hufa baada ya kulinda mayai yake mpaka yaanguliwe. Mwamba unaochokolewa kila bamvua hutoa pweza wadogo wadogo ambao hawajapata kuzaa, ilhali mwamba uliofungwa kwa miezi michache, kama baadhi ya jamii za wavuvi wa pwani ya Tanzania zilivyofanya, hutoa pweza wakubwa na wazito zaidi. Wavuvi hawaachi kuvua. Wanachobadilisha ni wakati wa kuvua. Huo ndio uendelevu, na ni vyema tukaacha kuufikiria kuwa ni katazo.

2. Kuna tofauti gani kati ya uchafuzi na uharibifu wa mazingira?

Uchafuzi ni kuingiza katika hewa, maji au udongo kitu, joto au hata kelele kwa kiasi kinachodhuru. Uharibifu ni neno pana zaidi: linahusu kila tendo linalopunguza uwezo wa mazingira kufanya kazi yake, hata kama hakuna kilichoingizwa. Mafuta machafu ya injini ya boti yakimwagwa bandarini ni uchafuzi. Kukata mikoko ni uharibifu bila uchafuzi.

Uvuvi wa baruti, ambao umeitesa pwani yetu kwa miongo mingi, mara nyingi huitwa uchafuzi, lakini madhara yake makubwa ni uharibifu. Mlipuko mmoja huua samaki wakubwa na wachanga kwa pamoja, wengi wao huzama bila kuokotwa, na matumbawe huvunjika yakawa kifusi. Matumbawe ya mviringo huongezeka kwa takriban sentimita moja tu kwa mwaka, kwa hiyo jiwe lenye kimo cha mtu mzima ni kazi ya zaidi ya karne moja. Kutofautisha mambo haya mawili kuna faida ya vitendo, maana uchafuzi unaweza kukoma pindi chanzo kikizibwa, lakini mwamba uliovunjika haurudi kwa kuzuia baruti peke yake. Unahitaji pia muda mrefu.

3. Kitu cha asili, kisicho sumu, kinaweza kuchafua?

Ndiyo. Jambo hupimwa kwa kiasi, mahali na muda. Samadi shambani ni mbolea. Samadi hiyohiyo ikiingia kisimani ni ugonjwa. Chumvi baharini haina neno, lakini ikifika kwenye maji ya kunywa ni hasara. Vivyo hivyo maji taka ya vyoo yanayofika kwenye ghuba iliyozingirwa, kama ile ya Mikindani, ambako maji hayabadilishwi kwa wepesi kama bahari ya wazi, huyarutubisha maji kupita kiasi. Mwani huota kwa wingi, na unapokufa na kuoza hutumia oksijeni ambayo samaki wanaihitaji. Anayeuliza "je, kitu hiki ni kibaya?" bila kuuliza ni kiasi gani, wapi na kwa muda gani, hawezi kupata jibu la kweli.

4. Mababu zetu walifyeka na kuchoma misitu wakalima. Mbona leo ndiyo inaitwa uharibifu?

Swali hili linastahili kujibiwa kwa heshima, kwa sababu mababu hawakuwa wajinga. Kilimo cha kuhamahama kilikuwa mfumo kamili: shamba lililimwa misimu michache, kisha likaachwa miaka mingi mpaka vichaka vikarudi na udongo ukapata tena rutuba. Kilichobadilika ni muda wa kupumzisha ardhi. Watu wameongezeka, mashamba ya kudumu ya korosho yamechukua eneo kubwa, na ufuta umepata bei, kiasi kwamba eneo lililokuwa likipumzishwa kwa miaka mingi sasa hupumzishwa kidogo au halipumzishwi kabisa. Tendo ni lilelile. Kilichopotea ni ule muda ulioufanya mfumo kuwa endelevu. Kwa hiyo lawama si kwa mababu, na suluhisho si kuwaiga bila kuwa na ardhi waliyokuwa nayo.

5. Bioanuwai ni nini, na ina faida gani kwa mtu wa kawaida?

Bioanuwai ni wingi wa aina za viumbe, tofauti zilizomo ndani ya kila aina, na mifumo ya ikolojia wanamoishi. Mkulima wa korosho anaitumia bila kuitaja kwa jina: nyuki na wadudu wengine huchavusha maua, na majimoto hula wadudu wanaofyonza machipukizi na korosho changa.

Pwani yetu ina mfano wa pekee. Silikanti, samaki aliyedhaniwa kuwa ametoweka tangu enzi za dainosaria mpaka alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938, alinaswa kwa mara ya kwanza katika maji ya Tanzania mwaka 2003, karibu na Songo Mnara wilayani Kilwa. Walioendelea kunaswa baadaye wengi wao waliingia kwenye majarife ya papa yanayotegwa maji ya kina kirefu, jambo linaloonyesha kuwa kiumbe anaweza kufikishwa ukingoni na mtu asiyemkusudia wala asiyemhitaji.

## Mashamba na udongo

6. Salfa ya mikorosho ni uchafuzi? Mbona bila salfa hakuna korosho?

Hili ndilo swali zito kuliko yote kusini, na jibu lake halina upande mmoja. Ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu ulioanza kuonekana nchini mwishoni mwa miaka ya 1970, hushambulia maua na majani machanga, na shamba lisilotibiwa laweza kupoteza sehemu kubwa ya mavuno. Salfa ya unga huzuia ukungu huo, na ikilinganishwa na viuatilifu vingi haina sumu kali kwa binadamu, ingawa huwasha macho, ngozi na njia ya hewa.

Tuangalie inavyotumika. Kuanzia Juni hivi, mikorosho inapochipua na kutoa maua, mpulizaji hutoka alfajiri kabla upepo haujaanza, wakati umande ungali kwenye majani, akiwa na mashine ya mota mgongoni. Wingu la njano hupanda katikati ya matawi. Unga kiasi hunata kwenye maua, na unaobaki hutua kwenye mchanga chini ya mti. Zoezi hilo hurudiwa mara kadhaa kila msimu, mwaka baada ya mwaka. Bakteria wa udongo huibadilisha salfa hiyo kuwa asidi ya salfa. Udongo wa kichanga, ulioenea sana katika maeneo yetu ya korosho, una uwezo mdogo wa kuhimili asidi, kwa hiyo kipimo chake cha pH hushuka. Na kila namba moja inayoshuka kwenye kipimo hicho ina maana kuwa asidi imeongezeka mara 10.

Tatizo hili hujificha kwa sababu mkorosho wenyewe huvumilia asidi kuliko mazao mengi. Wa kwanza kulalamika ni mahindi, kunde na njugu zilizopandwa kati ya miti: mizizi huwa mifupi, aluminiamu ya udongoni huyeyuka na kuidhuru, na mbolea haileti matokeo yaliyotarajiwa. Mkulima husema ardhi imechoka, kumbe imechachuka.

Kwa kipimo cha swali la 3, salfa iliyoko kwenye ua ni dawa, na iliyorundikana udongoni kwa miaka mingi ni uchafuzi. Hatua zinazopunguza tatizo bila kuacha zao zinajulikana: kupogolea na kuondoa machipukizi ya chini ya mti ambayo huhifadhi ugonjwa kati ya msimu na msimu, kupanda aina za mikorosho zinazostahimili ugonjwa, ambazo kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele kimekuwa kikizizalisha, kupulizia kwa kuangalia hali ya maua badala ya kufuata mazoea, na kupima udongo, kisha kuweka chokaa ya kilimo pale kipimo kinapoonyesha haja. Afisa ugani wa kata ndiye wa kuanzia naye.

7. Je, mifuko tupu na salfa iliyobaki inaweza kuchomwa moto?

Hapana. Salfa huwaka kwa urahisi na hutoa gesi ya salfa dioksidi, ambayo hubana kifua na ni hatari hasa kwa wenye pumu. Ihifadhiwe mahali pakavu, mbali na jiko na chakula, na mifuko yake isitumiwe kubebea nafaka.

## Maji na bahari

8. Mikoko ina kazi gani zaidi ya kutoa boriti na kuni?

Mizizi yake hupunguza nguvu ya mawimbi, hukamata tope linaloletwa na mito kabla halijafunika matumbawe na nyasi bahari, na huwahifadhi samaki wachanga, kamba na kaa. Zaidi ya hayo, tope lililo chini ya mikoko lina oksijeni kidogo mno, hivyo majani na mizizi iliyokufa haiozi upesi, na kaboni yake hukaa humo kwa mamia ya miaka. Mikoko ikikatwa na tope likakauka, kaboni hiyo hurudi hewani. Maingilio ya Mto Ruvuma yana msitu mkubwa wa mikoko uliomo ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2000 pamoja na Ghuba ya Mnazi.

Mashamba ya chumvi yana mchango wake katika kuondoa mikoko pwani ya Lindi na Mtwara. Hayahitaji kufutwa, kwani ni riziki halali ya watu wengi, lakini yapo maeneo tupu yenye chumvi nyuma ya mikoko yanayofaa kazi hiyo bila kukata mti hata mmoja. Hayo ndiyo yangepaswa kutumika kwanza.

9. Kwa nini kisima chetu kilikuwa na maji matamu, sasa kina chumvi?

Karibu na pwani, maji matamu ya ardhini huelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini yake. Yakivutwa kwa kasi kuliko mvua inavyoyarudisha, tabaka la chumvi hupanda. Pampu kubwa moja inaweza kuharibu visima vya majirani kadhaa. Kupunguza kiasi kinachovutwa na kuvuna maji ya mvua, kama wenyeji wa Uwanda wa Makonde wanavyofanya kwa matangi yaliyochimbwa uani, husaidia. Kukichimba kisima hichohicho kiende chini zaidi huongeza tatizo.

10. Choo kinapaswa kuwa umbali gani kutoka kwenye kisima?

Umbali unaopendekezwa kwa kawaida ni usiopungua mita 30, na choo kiwe upande wa chini wa mteremko. Kwenye mchanga, ambako maji hupita haraka, ni busara kuongeza umbali huo. Maji kuonekana meupe na kutokuwa na harufu si uthibitisho kwamba ni salama.

## Hewa, nishati na tabianchi

11. Moshi wa kubangua korosho nyumbani ni hatari?

Ndiyo, na wanaoathirika zaidi ni akina mama na watoto wanaokaa karibu na debe. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayobabua ngozi, na yanapoungua hutoa moshi unaowasha macho na kukausha koo. Afadhali kubangulia nje, mbanguaji akikaa upande ambao upepo unatokea, na kutotumia maganda kama kuni za kupikia ndani ya nyumba. Maganda hayohayo kiwandani, yakikamuliwa, hutoa mafuta yenye soko katika utengenezaji wa rangi na breki. Ni mfano mzuri wa taka iliyo rasilimali ikipata mahali pake.

Moshi wa jikoni kwa ujumla haustahili kudharauliwa. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa uchafuzi wa hewa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Serikali ya Tanzania imeweka lengo la asilimia 80 ya wananchi kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034.

12. Gesi ya mtungi ndiyo ile ya Msimbati?

Siyo, ingawa wengi hudhani hivyo na hushangaa kwa nini bei ya mtungi haishuki Mtwara. Gesi ya Ghuba ya Mnazi, yaani hiyo ya Msimbati, iliyogunduliwa mwaka 1982, na ile ya Songosongo, iliyogunduliwa mwaka 1974, ni gesi asilia ambayo sehemu yake kubwa ni methani. Methani haigeuki kimiminika kwa mgandamizo peke yake katika joto la kawaida, hivyo husafirishwa kwa bomba. Gesi ya mtungi ni propani na butani, nayo huletwa nchini kwa meli.

13. Je, gesi asilia ni nishati safi na endelevu?

Usafi na uendelevu ni mambo mawili. Kwa usafi, gesi asilia ikiungua hutoa takriban nusu ya hewa ukaa inayotolewa na makaa ya mawe kwa kiasi kilekile cha joto, na masizi kidogo sana. Kwa hiyo ni afadhali kuliko makaa, kuni na dizeli, ingawa si safi kama jua au upepo. Faida hiyo hupungua gesi inapovuja bila kuungua, kwa sababu methani hunasa joto angani kwa zaidi ya mara 25 ya hewa ukaa katika kipindi cha miaka 100.

Kwa uendelevu, gesi haijirudishi katika maisha ya binadamu. Kisima kitakwisha. Ndiyo maana swali la haki kwa mikoa yetu ni lile la jibu la 1: mapato ya gesi yanageuzwa kuwa kitu gani kitakachobaki?

14. Joto linaongezeka kwa sababu tabaka la ozoni limetoboka?

Hapana, haya ni matatizo mawili. Ozoni iliyo juu angani huchuja mionzi mikali ya jua, na iliharibiwa na kemikali za majokofu na vipulizi ambazo Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 ilianza kuziondoa, na sasa inapona taratibu. Mabadiliko ya tabianchi husababishwa na gesijoto, hasa hewa ukaa na methani, zinazozuia joto lisitoke kwenda anga za juu.

15. Vimbunga vya Kenneth na Hidaya ni ushahidi wa mabadiliko ya tabianchi?

Tukio moja peke yake haliwezi kuwa ushahidi. Kimbunga kikali kiliipiga Lindi mwezi Aprili 1952, kabla suala hili halijazungumzwa sana. Aprili 2019 Kenneth alishuka kaskazini mwa Msumbiji, na Mei 2024 Hidaya akafika pwani ya Tanzania. Kinachothibitishwa na sayansi ni mwelekeo wa muda mrefu: bahari yenye joto zaidi hukipa kimbunga nishati zaidi, hewa yenye joto hubeba mvua nyingi zaidi, na kina cha bahari kinapoongezeka maji huingia mbali zaidi nchi kavu. Kuhusu kinga ya ufukwe, tazama swali la 8.

## Taka

16. Mifuko mbadala si plastiki?

Mingi ni plastiki. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania Bara, lakini mfuko laini unaofanana na kitambaa, unaouzwa badala yake, kwa kawaida hutengenezwa kwa polipropilini, ambayo pia ni plastiki. Ubora wake ni kwamba unaweza kutumika mara nyingi. Ukitumika mara moja na kutupwa, faida hiyo haipo, na jua litaukatakata kuwa chembe ndogo zitakazoishia baharini. Kikapu cha ukindu bado hakijapata mpinzani.

17. Kwa nini tusichome taka zote tukamaliza?

Taka hazimaliziki kwa moto. Zinahamia hewani na kwenye majivu. Plastiki aina ya PVC, kama mabomba na maganda ya nyaya, ikichomwa kwa moto wa uani hutoa dioksini, kemikali zinazodumu muda mrefu na kujikusanya katika mafuta ya mwili. Sehemu kubwa ya taka za nyumbani kwetu ni maganda, majani na mabaki ya chakula, ambayo yakitengwa huwa mboji. Zikitengwa hizo, zinazobaki ni kidogo. Betri zisichomwe wala kuzikwa karibu na kisima.

## Sheria na masuala yenye utata

18. Mwananchi ana haki gani kisheria?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu aliyepo Tanzania haki ya mazingira safi, salama na ya kiafya, pamoja na haki ya kwenda mahakamani kuitetea. Inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari au ukingo wa mto, na inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla haijaanza. Tathmini hiyo lazima iwashirikishe wanaoishi katika eneo la mradi. Mkutano wa tathmini ukiitishwa kijijini, kwenda na maswali ya maandishi na kuomba yaingizwe kwenye muhtasari kuna uzito kuliko kunung'unika mradi ukishaanza.

Malalamiko huanzia kwa kamati ya mazingira ya kijiji au mtaa, kisha afisa mazingira wa halmashauri, kisha NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira. Andika tarehe, mahali na kilichoonekana, na piga picha ikiwezekana.

19. "Anayechafua analipa" maana yake ni kwamba mwenye fedha anaruhusiwa kuchafua?

Hapana. Kanuni hiyo inamtaka mchafuzi abebe gharama za kuzuia, kusafisha na kufidia, ili zisiwaangukie majirani. Malipo hayageuki kuwa kibali, na viwango vya sheria vinabaki palepale. Inakwenda pamoja na kanuni ya tahadhari, isemayo kwamba pale madhara makubwa yanapohofiwa, kukosekana kwa uhakika kamili wa kisayansi kusitumiwe kuwa kisingizio cha kuchelewesha hatua.

20. Kama kila mkulima anachangia kidogo, nani aulizwe?

Huu ni uchafuzi wa vyanzo vilivyotawanyika, na ni mgumu kuliko ule wa bomba moja linalotiririsha maji machafu, kwa sababu hakuna mlango wa kugonga. Salfa ni mfano wake. Kumshtaki mkulima mmoja mmoja si haki wala hakufai kitu. Mahali pa kushika ni pale maamuzi ya wengi yanapokutana: pembejeo zinaagizwa kwa kiasi gani, chama cha msingi kinatoa elimu gani zinapogawiwa, na je, chokaa imo kwenye orodha ya pembejeo. Hoja hizo zinaweza kuletwa na mwanachama yeyote kwenye mkutano mkuu wa chama.

21. Kijiji chetu kimeombwa kuingia mkataba wa kaboni. Tunauza nini hasa?

Hamuuzi ardhi wala miti. Mnauza uthibitisho kwamba kiasi fulani cha hewa ukaa, kinachohesabiwa kwa tani, hakikuingia hewani kwa sababu mliulinda msitu ambao vinginevyo ungepotea. Neno "vinginevyo" ni la msingi: msitu ambao haukuwa hatarini hauna cha kuuza kwa uaminifu. Kusini kuna uzoefu wa kujifunzia katika jambo lililo jirani na hili. Misitu ya vijiji wilayani Kilwa, yenye mpingo, ilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha usimamizi endelevu, na vijiji vikaanza kupata mapato halali ya mbao.

Tanzania ina kanuni za biashara ya kaboni tangu mwaka 2022. Kabla ya kusaini, mkutano mkuu wa kijiji uelezwe kwa Kiswahili muda wa mkataba, mgawanyo wa mapato, shughuli zitakazozuiwa msituni, nani atapima, na nini kitatokea moto ukiteketeza msitu katikati ya mkataba. Mwanasheria wa halmashauri aombwe kuusoma, na nakala ibaki katika ofisi ya kijiji, si mikononi mwa mtu mmoja.